Iko mu Njia

Nilisema. Nilisema "iko mu njia", kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya ukumbi uliojaa watu, nikiwa na akili zangu zote na tumbo limeshiba. Kwa miaka sita nilikana. Nilikana mbele ya watu watatu waliotumwa kuja kuniuliza, nikakana mbele ya mume wangu, nikakana hata mbele ya padri, ambaye hakuwa ameuliza. Maelezo yangu yalikuwa kwamba nilichotamka ni "suala lenu linashughulikiwa", na kwamba mwananchi, kwa uchungu aliokuwa nao, uchungu ambao tunauelewa na kuuheshimu, alisikia jambo jingine. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe na kuipiga pasi mpaka ikanyooka. Nina shahada ya isimu. Nikitazama nyuma, sioni mahali pengine ambapo shahada ile imewahi kunifaa kama pale.

Wale watatu waliandika walichoambiwa, wakanywa chai, wakaenda. Mume wangu aliniamini kama anavyoamini mtu aliyekaa kwenye ndoa muda mrefu: alibadili mazungumzo. Padri alinipa malipizi ya dhambi nyingine, ndogo, niliyokuwa nimeiweka mbele kama mtu anavyoweka nyanya nzuri juu ya fungu.

Nilikuwa mbunge kwa muhula mmoja, kupitia viti vya wanawake. Nasema hivyo haraka ili tulipite. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa lugha hapa Cyangugu, na kabla ya hapo nilikuwa binti wa Bukavu huko Kongo, mtoto wa wakimbizi, niliyevuka daraja la Rusizi na masanduku mawili kuja kuishi katika nchi niliyokuwa nimeimbiwa tangu utotoni. Kinyarwanda changu kina matundu mpaka leo. Nikikasirika hutoka Kiswahili cha ng'ambo, na nikiwa na furaha pia. Wakati wa kuomba kura jambo hilo lilinisaidia sana. Huku kwetu watu waliorudi kutoka Kongo ni wengi, na waliponisikia nikisema "batu bangu" walicheka, wakapiga makofi, wakasema huyu ni wetu. Sikuwaahidi kitu kingine. Niliwapa lafudhi, nao wakanipa kiti.

Watu hudhani mbunge hutunga sheria. Hutunga, ndiyo, yaani huinua mkono pamoja na wenzake. Lakini kazi yenyewe, ile ya kuchosha miguu, ni kwenda na kurudi: kuwaambia wa juu yanayowauma wa chini, na kuwaambia wa chini yanayoendelea juu. Mimi nilikuwa hodari wa nusu ya kwanza. Nilikuwa na kichwa cha kusikilizia. Nilikiinamisha kidogo upande wa kushoto, nikafumba midomo, nikaandika. Wazee walipenda kuniona nikiandika. Mzee mmoja wa Giheke aliwahi kukatiza malalamiko yake mwenyewe ili kalamu yangu imfikie. "Andika kwanza, Maman Depite," alisema, yaani Mama Mbunge, "mie nangojea hapa."

Nilikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila ukurasa niliugawa kwa rula kuwa safu tatu. Ya kwanza niliiandika "Imekwisha". Ya tatu niliiandika "Haijaguswa". Ya katikati niliiandika kwa Kinyarwanda, "Biri mu nzira", maneno yanayotumiwa katika ripoti kila mahali, na maana yake ni kwamba mambo yako njiani. Safu ya kwanza ilikuwa na mistari michache, mingi ikiwa mambo yaliyojimaliza yenyewe: ng'ombe aliyerudi, mume aliyerudi. Safu ya tatu niliiogopa. Mtu akiisoma ile anauliza, "Na wewe ulifanya nini?" Kwa hiyo nilijifunza kwamba suala likishaandikiwa barua, hata barua ambayo haijapelekwa, limekwisha kuguswa, na kilichoguswa kinaweza kusogezwa katikati. Mwisho wa mwaka wa kwanza safu ya katikati ilikuwa imejaa kuliko soko la Kamembe siku ya soko.

Kila mkutano niliumalizia kwa kuandika namba yangu ya simu ubaoni. Nilijivunia jambo hilo. Wabunge wengine walikuwa na namba za ofisi. Mimi nilitoa namba ya mfukoni. Walinipigia kuhusu mipaka ya mashamba, kuhusu bomba lisilotoa maji, kuhusu kwaya iliyogawanyika. Mama mmoja alipiga kila Jumapili baada ya misa kuhakikisha kwamba namba ingali yangu. Wote niliwajibu kwa upole, kwa lugha yao, na jibu lilikuwa moja. Iko mu njia, Maman. Iko mu njia, Papa.

Aliyenicheka wa kwanza ni fundi wangu wa nguo pale Kamembe, mzee Mwislamu ambaye familia yake imeshona kanzu na magauni ya mji huu tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimempelekea kitenge cha gauni la kuvaa kwenye sherehe fulani, nikaenda kukichukua siku tuliyopatana. Kitenge kilikuwa bado kimekunjwa, juu ya rafu, mahali pale pale nilipokiweka.

"Mzee, na nguo yangu?"

"Iko mu njia, Maman Depite."

"Hujaikata hata."

"Sasa na wewe ile maji ya mtaa wetu umeisha ikata?" Aliweka uzi kwenye sindano bila kunitazama. "Mie na wewe tuko fundi bamoja. Tofauti, mie niko na mashini."

Wateja walicheka, nami nikacheka. Nilirudi nyumbani nikasimulia. Katika mji kama Kamembe neno lile halimdhuru mtu, kwa sababu kila mtu anajua namna ya kulipunguza. Fundi akisema nguo iko njiani, unaelewa kwamba hajaanza. Mwenye duka akisema mzigo uko njiani, unakwenda duka la pili. Ni adabu tu, kama kumwuliza mtu habari za nyumbani. Nililichukua neno hilo la mjini, na adabu yake yote, nikalipeleka Bweyeye.

Kufika huko ni kazi. Barabara inazunguka msitu wa Nyungwe kama inauomba ruhusa, na mvua ikinyesha inakataliwa. Kijiji ninachokisema kiko mbele zaidi ya pale barabara inapokoma kuwa na aibu, na sitakitaja. Nilishuka kwenye gari nikiwa nimevaa viatu vyenye kisigino kifupi, kwa kuwa nilikuwa nimejiambia kwamba kisigino kifupi ni unyenyekevu. Hatua ya tatu kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Mwanamke mjamzito aliyekuwa amesimama na wenzake kando ya ukumbi aliinama kwa shida, akakichomoa, akakipangusa kwa majani, akanikabidhi.

"Maman Depite," alisema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "hii kiatu ilikuya kutembeya ao kukaa?"

"Kukaa," nilisema.

"Basi ikae. Wewe kamata mukono yangu."

Aliniingiza ukumbini kwa mkono. Ndivyo nilivyomjua. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mrefu, mwenye mwanya, aliyezaliwa upande wa Uvira na kuja huku na wazazi wake kama mimi. Alinicheka viatu mpaka tulipokaa. Mumewe alikuwa safu ya mbele, mkulima mwembamba aliyevaa koti la suti lililokuwa kubwa kwake, na ndiye aliyeinua mkono wa kwanza wakati wa maswali.

Aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili, akiwa ameshika kofia yake. Alisema mke wake alipasuliwa kwenye uzazi uliopita, na muuguzi wa zahanati amesema safari hii pia atapasuliwa, na pale zahanati hawapasui. Hospitali iko chini, mbali. Ambilansi iliyo karibu inakaa huko chini na ina kazi za watu wengi. Muuguzi anataka mke wake ateremke mapema, mwezi mzima kabla, akangojee kwenye nyumba ya kina mama karibu na hospitali. Lakini nyumbani kuna watoto wawili, na kuna mama yake mzee asiyeona, na maharage yatakuwa yanakomaa.

"Sasa mie nauliza, Maman Depite," alisema. "Tulisikia batatuletea ambilansi ya huku kwetu. Kama itakuya, bibi yangu anaweza kungojea nyumbani. Kama haikuye, mutuambie tu, tutapanga ya kwetu. Njo swali yangu."

Ni swali safi kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi ile. Lilikuwa na majibu mawili, naye alikuwa amenionyesha mlango wa kila jibu. Hakuniomba ambilansi. Aliomba kujua.

Na mimi nilikuwa najua. Ombi la ambilansi ya kijiji kile lilikuwa limeletwa kwangu miezi kadhaa nyuma. Nilikuwa nimeliandikia barua nzuri, yenye aya nne, ikisubiri sahihi yangu na muhuri. Kitu pekee kilichokuwa njiani siku ile ni barua hiyo, nayo ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imesafiri nami kutoka Kigali na ingerudi nami Kigali. Nilitazama ukumbi. Nilimwona yule mwanamke aliyenishika mkono, amekaa kwenye benchi la pembeni, mikono juu ya tumbo, akinitabasamia mwanya wake wote kwa sababu ya kiatu. Nikainamisha kichwa changu kushoto.

"Iko mu njia, Papa," nilisema.

Walipiga makofi. Yeye alivaa kofia yake, akaivua tena, akakaa.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo mtu mwenye kazi yangu alipaswa kulijua kabla ya kufungua mdomo, ni maana ya maneno yale mahali pale. Muuguzi alinieleza baadaye, baada ya kila kitu, na hakunieleza kwa ukali. Kijiji kile hupata gari mara chache. Gari likitoka mjini na mzigo wao, au likienda kuchukua mazao yao, kuna mtu wao huko chini anayelisubiri lipite pale barabara inapogawanyika. Anapoliona kwa macho yake, ndipo anapiga simu na kusema, "iko mu njia". Kabla ya hapo hathubutu. Anaweza kusema "banapakiza", anaweza kusema "dereva anakula", lakini si "iko mu njia", kwa kuwa wakishasikia hivyo watu hubeba magunia vichwani na kuteremka mpaka barabarani, na mgonjwa hutolewa kitandani. Aliyewahi kulisema kabla ya wakati aliwafanya watu walowane na maharage yao mchana kutwa, na mpaka leo hatumwi tena kusubiri gari. Kwao neno lile halipungui. Ni taarifa ya kitu kilichoonekana.

Kwa hiyo yule mume alielewa sawasawa kile nilichosema. Mbunge ameiona. Imetoka.

Walingoja. Wiki ya kwanza walisema Kigali ni mbali. Wiki ya tatu walisema gari la serikali lina karatasi nyingi, linasimama kila ofisi. Kisha mvua zikaja, kipande cha mlima kikaanguka juu ya barabara, na hapo kila kitu kikawa wazi kwao: ambilansi imekwama upande wa pili wa udongo. Watu wale walikuwa wema. Walinitafutia udhuru kabla sijajua kwamba nauhitaji.

Muuguzi ndiye aliyenipigia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, aliyekuwa akiiendesha zahanati ile na wasaidizi wawili.

"Maman Depite, ninaye hapa baba mmoja hataki kumteremsha mke wake. Anasema gari lenu limekwama kwenye maporomoko, likipita tu atalipanda. Mimi sijaambiwa habari ya gari. Kuna gari?"

Nilikuwa kwenye korido, nje ya chumba cha kamati. Nilisema ombi liko katika hatua nzuri.

"Sikuuliza ombi. Kuna gari ao hakuna?"

"Kwa sasa, bado."

"Basi mpigie umwambie hivyo. Mimi hanisikilizi. Ananiambia mimi ni muuguzi tu, wewe ni mbunge. Mpigie leo. Bado ana wiki tatu, anaweza kuteremka polepole na miguu yake mwenyewe."

Nilimpigia siku ile ile. Nataka jambo hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Nilipiga nikiwa nimekwisha kuandika kwenye kipande cha karatasi maneno ya kusema: Papa, nilikosea, hakuna gari, mteremshe mama. Maneno hayafiki kumi. Alipokea kwa furaha iliyonichanganya. Nilisikia upepo, kwa sababu alikuwa amepanda mahali penye rezo, yaani mtandao wa simu.

"Maman Depite. Aksanti kutukumbuka. Tunajua, tunajua. Ni njia njo ilitufanyia mubaya. Ile gari iko ku upande ingine ya udongo, haiko vile?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nasema haya kwa sababu kwa miaka mingi, nilipojikubalia chochote, nilijikubalia kwamba pale ukumbini niliteleza. Mtu huteleza. Lakini kwenye simu ile sikuteleza. Alikuwa amenijengea daraja la kupita bila kulowana, na nililitazama, nikaona ni zuri, nikapita.

"Ni barabara, Papa," nilisema. "Lakini msikilize muuguzi pia."

"Tunamusikiliza, Maman. Tunamusikiliza sana."

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wanaume wa kijiji hawakwenda kuchimba mifereji kama ilivyopangwa. Walikwenda kwenye maporomoko na majembe na mapanga na karai, wakaufukua mlima kutoka barabarani. Waliomba radhi kwa kiongozi wao wakaeleza kwamba kuna ambilansi inangojea. Nilitumiwa picha kwenye simu: wanaume wamesimama kwenye matope mpaka magotini, njia nyembamba imefunguka nyuma yao, na yule mume katikati, bila koti safari hii, jembe begani. Chini ya picha ujumbe: "Maman Depite njia imefunguka inaweza kupita."

Niliionyesha picha ile kwenye kamati. Niseme na hilo. Tulikuwa tunazungumzia ushiriki wa wananchi katika maendeleo yao, na mimi nilikuwa na mfano hai mfukoni. Simu yangu ilizunguka meza nzima. Mwenzangu mmoja aliikuza picha kwa vidole viwili akasema watu wa huko kwenu wana moyo. Nikasema ndiyo, wana moyo. Hakuna aliyeuliza wamefungua njia ya nini, na mimi sikusema. Jioni ile nilitia sahihi barua ya aya nne, nikaipeleka mwenyewe mpaka kwenye mlango wa ofisi iliyohusika, kwa mwendo wa haraka, kama mtu anayekimbilia basi ambalo limekwisha kuondoka.

Ambilansi ya kule ilikuja, kusema kweli. Ilikuja miaka miwili baadaye, kwa juhudi za watu wengine, na barua yangu haikutajwa popote. Waliniambia ni nyeupe, mpya, na kwamba dereva wake ni kijana wa pale pale. Sikwenda kuiona. Muhula wangu ulikuwa umekwisha na sikugombea tena. Niliwaambia watu nataka muda wa kuandika. Sasa naandika insha. Kuna wanaozisoma na kunisifu kwamba nina jicho la mambo madogo.

Yaliyotokea asubuhi ile nimeyapata kwa muuguzi, kwa vipande, na nimeyapanga mara nyingi mno kuweza kusema ni yake au ni yangu. Uchungu ulianza alfajiri, siku kumi kabla ya ilivyotarajiwa. Muuguzi alipiga simu hospitali, akaambiwa ambilansi ya chini imekwenda upande mwingine na mgonjwa. Akasema basi mama abebwe kwa ngobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huiweka mabegani, wapite njia ya mkato ya msituni, na gari la chini likirudi litawapokea huko mbele. Wanaume wanne walikuwapo. Ngobyi ilikuwapo. Mume akakataa njia ya mkato.

Hakukataa kwa ujinga. Muuguzi alilisisitiza hilo, na aliponiambia alinitazama usoni. Mume alisema: tukipita msituni, na gari letu liko barabarani linakuja, tutapishana nalo. Litafika hapa likute hatupo. Na barabara si tumeifungua sisi wenyewe? Ilikuwa hesabu sahihi ya mtu aliyepewa namba ya uongo. Wakambeba mpaka barabarani, kwenye kona wanakoweka magunia, wakamlaza juu ya mkeka na kumfunika. Mwanzoni alikuwa anazungumza. Muuguzi anasema alikuwa anawatania wale wabebaji, akiwaambia wasilale, wao hawazai. Mama mkwe asiyeona alikaa karibu na kichwa chake, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa makali kuliko ya wote, kazi yake ilikuwa kusikiliza kama kuna injini.

Walikaa pale mpaka jua lilipokuwa juu. Muuguzi alifanya aliyoweza kwa vitu alivyokuwa navyo, kisha akasema kwa sauti ambayo hata mume hakuweza kuibishia kwamba wainuke sasa hivi. Wakainuka. Hawakufika mbali.

Wale watatu waliotumwa kuja kuniuliza walikuwa na haya yote kwenye karatasi zao, kwa ufupi. Walichokuwa hawana ni kama kweli nilisema au sikusema. Ukumbini palikuwa na watu wengi, lakini watu wakiulizwa rasmi kuhusu mbunge wao hukumbuka kidogo. Ilibaki kauli ya mume, na yangu. Nikatoa ile sentensi iliyopigwa pasi. Hawakuniuliza kama kulikuwa na mazungumzo mengine kati yetu, kwa hiyo sikuwaambia kuhusu simu ya karatasi mkononi. Na sikuwaambia kuhusu ile ya pili, ambayo kwangu mimi ilimaliza mabishano yote hata kabla hayajaanza, kwa kuwa baada ya kuisikia sikuweza tena, hata usingizini, kujidai kwamba mtu yule alinisikia vibaya.

Ilikuja mchana wa siku ile waliyongoja kwenye kona, tulipokuwa tumetoka kwenye kamati kupumzika. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Niliona jina la yule mume kwenye kioo cha simu, maana nilikuwa nimelihifadhi, na nikafikiri anapiga kuhusu barabara. Nikatoka kwenye kibaraza.

"Maman Depite," alisema. "Ni miye."

"Ndiyo, Papa. Habari ya huko?"

"Habari haiko muzuri, Maman. Bibi yangu ameisha kufa. Sasa hivi. Na mutoto naye."

Nilisikia upepo wa pale penye rezo, na mtu mwingine akizungumza kwa mbali. Akangoja, nadhani alifikiri simu imekatika.

"Maman, munanisikia?"

"Nakusikia."

"Sitaki kubasumbua, najua muko ku kazi. Nilipanda huku juu mara moja tu, bananingojea. Ni juu ya ile gari. Tumeisha kuacha njia kubwa, tunamurudisha nyumbani. Sasa ikifika pale ku kona haitakuta muntu, na njia ingali na utelezi, isikuye kukwama bure. Mubapigie bale beko mu gari, mubaambie irudi tu. Batasaidia bengine."

"Sawa, Papa," nilisema. "Nitawaambia irudi."

"Aksanti sana, Maman," akasema, na akakata.